Mchekeshaji kwenye mjadala wa siasa: tunambishia nini hasa?

Kijiweni kwetu kwenye kahawa kuna mzee mmoja fundi cherehani, ukitaja tu jina la mchekeshaji yeyote kwenye habari za siasa anakujibu sentensi moja, "huyo arudi akachekeshe", halafu anaendelea na kashata yake kama vile kesi imeshafungwa. Hasikilizi kilichosemwa, hataki kujua kama ni kweli au uongo, kwake inatosha kwamba aliyesema ni mchekeshaji.

Juzi kijana mmoja wa bodaboda akaleta klipu ya ule mdahalo wa Aprili 2025 kwenye podikasti ya Joe Rogan huko Marekani, mwandishi wa Uingereza Douglas Murray upande mmoja, upande wa pili Dave Smith ambaye ni mchekeshaji wa stendap, wanabishana masaa kibao kuhusu Gaza na Ukraine. Murray mapema kabisa akamgeukia hata mwenye kipindi, kwamba kwa nini watu ambao sio wataalam wanapewa maiki kubwa namna hii, na baadae akambana Smith kama ameshawahi kufika huko anakokuongelea. Smith hajawahi kufika. Basi kijiwe kikagawanyika, wengine wanasema jamaa kamalizwa, wengine wanasema Murray kakwepa hoja kaenda kwenye sivii ya mtu. Mzee akatoa ile sentensi yake.

Huu ubishi sio wa Marekani peke yake, hapa kwetu unarudi kila mchekeshaji akikamatwa na kila mchekeshaji akichukua fomu ya ubunge, na mimi naona tunagombana bure kwa sababu tunauliza swali moja kwa mambo manne tofauti. Tuyatenganishe taratibu.

Maneno kwanza. Mchekeshaji, au komediani, ni mtu ambaye kazi yake ni kukufanya ucheke, awe wa kujigeuza na mavazi kama Joti, awe muigizaji kama marehemu Mzee Majuto, awe wa kuiga sauti za watu, au asimame peke yake na maiki, hiyo ya mwisho ndo stendap. Kejeli ni kusema kitu huku kila mtu anajua unamaanisha kinyume chake, mtu kachelewa masaa mawili unamwambia "duh leo umewahi", hiyo kejeli. Kijembe kinarushwa bila kutaja jina lakini mwenyewe anajua kimemlenga yeye. Utani ni kumsema mtu kwa ruhusa, huo nitaurudia maana una habari ndefu. Na mjadala siriasi wa siasa simaanishi lazima watu wavae suti, namaanisha mazungumzo ambayo mtu anadai kitu fulani ndivyo kilivyo, kodi iko hivi, vita ilianza vile, na anataka wewe ukubali, pengine hata ukapige kura kwa sababu hiyo.

Sasa chukulia nchi ni daladala. Kuna abiria anayepiga kelele "dereva mbona unatuua!". Kuna mpiga debe pale stendi, kazi yake gari lijae. Kuna abiria anayesema "pita huku, hii ndo njia ya mkato, mimi naijua". Halafu kuna anayeshika usukani. Wote wanne wanaweza kuwa mchekeshaji, mtu yule yule, lakini hatuwezi kuwadai kitu kimoja. Hakuna konda mwenye akili timamu anayemwambia abiria "kwanza nionyeshe leseni ndo ulalamike". Ila huyo wa njia ya mkato ukimfuata mkajikuta mmekwama kwenye tope Tandale, una haki ya kumuuliza. Na wa usukani tunataka leseni, hapo hakuna mjadala.

Tuanze na wa kelele. Mfano uko wazi, Idris Sultan, yule aliyeshinda Big Brother Africa 2014. Oktoba 2019, siku ya kuzaliwa ya Rais Magufuli, alipost picha alizobadilisha sura, yeye yuko kwenye kiti cha rais na sura ya rais imehamia kwenye mwili wake, mkuu wa mkoa wa Dar wakati ule Paul Makonda akamwambia hadharani aende polisi, akaenda akahojiwa. Mei 2020 akashikiliwa tena, safari hii kwa video ambayo anaicheka picha ya zamani ya rais enzi za ujana wake, na mashtaka yaliyokuja kusomwa mahakamani yakawa ya mambo ya laini ya simu. Ukiangalia vizuri kote kuwili hakudai kitu chochote kuhusu uchumi, wala sera, wala uchaguzi. Abiria hakusema hata kwamba gari linakimbizwa, kacheka shati la dereva tu.

Kwa hiyo ukisema Idris "hakustahili kuingia kwenye siasa" unakuwa umekosea toka mwanzo, maana hakuingia. Siasa ndo ilimfuata.

Kenya walishapita hapa mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu, Walter Mong'are ambaye wengi wanamjua kama Nyambane, John Kiarie wanayemwita KJ, na Tony Njuguna, walikuja na Redykyulass kwenye runinga, wakawa wanamuigiza Rais Moi waziwazi, kipindi ambacho kuna watu walikuwa wanalitaja hilo jina kwa kunong'ona hata wakiwa sebuleni kwao. Hawakuja na takwimu. Walichofanya ni kuwaonyesha watu kwamba unaweza kumcheka mkubwa na kesho yake jua likachomoza kama kawaida. Huo ni mchango kwenye siasa na haudai digrii ya mtu.

Hapa huwa anatokea mtu anasema kumcheka mkubwa sio utamaduni wetu, tumeiga wazungu. Jamani. Sisi ndo wenye utani! Wanyamwezi na Wazaramo, Wangoni na Wahehe, utani mwingi ulitokana na vita vya zamani na misafara ya biashara, watu waliopigana au waliopita kwa wenzao wakawekeana kitu kama mkataba, kwamba badala ya kuchukiana tutaniane, na ukitaniwa hukasiriki. Hata ndani ya familia babu anataniwa na mjukuu wake wa miaka sita na hakuna anayesema mtoto hana adabu.

Na utani wenyewe sio wa kuchekea vitu vidogo, unaenda mpaka msibani. Msiba wa bibi yangu mzaa baba nilishuhudia kwa macho, mtani mmoja mama mtu mzima kajifunga kanga ya marehemu, anatembea kwa kuchechemea kama yeye, anapita mbele ya wanawe mmoja mmoja anawaambia kwa sauti ya bibi, "alipokuwa hai hata kilo ya sukari hamkuleta, leo mmechinja ng'ombe wawili". Watu wanacheka huku wanalia. Baba yangu aliinamisha kichwa. Shehe asingeweza kuyasema yale, mjomba asingeweza, jirani ndo kabisa, mwenye ruhusa alikuwa mtani peke yake na kila mtu pale alijua kasema kweli. Kwa hiyo suala la mtu wa mzaha kupewa nafasi kwenye jambo zito sisi tulishalimaliza zamani, tena kwenye jambo zito kuliko yote. Tulichosahau ni masharti yake, nitayafikia.

Wa pili ni mpiga debe na hapa nitasema ukweli nina kinyongo kidogo. Msimu wa kampeni kila chama chenye hela kinapandisha wasanii na wachekeshaji jukwaani, wanavunja mbavu watu, wanawaweka uwanjani jua kali mpaka mgombea afike. Sina shida na mtu kuwa na chama, ni raia. Ila niambie umeshawahi kusikia mtu anauliza "huyu anajua nini kuhusu bajeti?" wakati mchekeshaji anasifia? Mimi sijawahi. Yule mzee wa kashata mwenyewe alienda mkutano wa kampeni karudi anatusimulia vituko vya mchekeshaji aliyewapasha moto pale, kafurahi kweli kweli, na siku hiyo hakusema arudi akachekeshe. Swali la "ana sifa gani" linatoka mfukoni mchekeshaji anapouliza, akisifia linarudi mfukoni. Ukiwa unataka kupinga wachekeshaji kwenye siasa sawa, lakini wapinge wote, mpaka wa kwenye jukwaa la chama chako.

Wa tatu ndo mgumu na ndo hasa wale jamaa wa kwenye klipu walikuwa wanamgombania bila kumtaja. Huyu wa njia ya mkato.

Kwanza tuelewe kichekesho kinavyofanya kazi. Kichekesho kinakata. Ili ucheke lazima kitu kiwe kifupi, maelezo yapungue, halafu palipobaki patiwe chumvi. Mjadala unaenda kinyume, unaongeza maelezo mpaka watu wengine wanasinzia. Chukua tozo za miamala ya simu. Julai 2021 zilipoanza zilikuwa kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kutegemea na kiasi unachotuma, na mwaka huo huo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Kipindi kile utani ulikuwa mwingi, ule wa "bora nipande basi nimpelekee mama hela mkononi kuliko kutuma". Huo utani una kazi, ndani ya sekunde tano mtu wa Nanjilinji na mtu wa Masaki wote wameelewa pesa ile ile inakatwa mara ngapi, hakuna waziri aliyeeleza vizuri namna hiyo. Lakini hauwezi kukuambia hizo hela zilikusanywa kiasi gani, zilitakiwa kujenga nini, na zisipokatwa kwenye simu zitakatwa wapi. Ukimwamini mchekeshaji kwa yale ya kwanza uko sawa. Akianza kukujibu haya ya pili, hapo ameshabadilisha kazi, na wewe badilisha masikio.

Shida ni kwamba anabadilisha bila kupiga honi. Sentensi moja utani, inayofuata takwimu, inayofuata utani tena, na mtandaoni klipu inakatwa pale pale kwenye takwimu inaenda peke yake bila kile kicheko kilichokuwa kinakuonya kwamba hapa pametiwa chumvi. Nyumbani mtu anayechota mchuzi huku anaongea na simu asionje, anaweka chumvi mara mbili, ndo tunavyokula habari siku hizi.

Kuna kesi ya Hasan Minhaj, mchekeshaji Mmarekani mwenye asili ya India, muislamu. Mwaka 2023 jarida la The New Yorker lilifuatilia hadithi anazosimulia jukwaani, mojawapo ya shushushu wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, aliyejipenyeza msikitini kwao alipokuwa kijana, wakakuta mambo kadhaa hayakumtokea yeye kama anavyoyasema. Yeye akajitetea kwamba zina ukweli wa kihisia. Sasa mchekeshaji kusema uongo kuhusu mama mkwe wake ni kazi yake, hakuna atakayempigia simu mama mkwe kuhakiki. Ila yeye alikuwa anazitumia hizo hadithi kama ushahidi wa jinsi waislamu wanavyotendewa Marekani, na kutendewa huko kupo, kuna watu yamewakuta kweli. Ndo maana ilikera, kwa sababu aliyekuwa na mashaka toka mwanzo sasa amepata pa kushika, atasema "unaona, hata hizo zingine uongo". Hasara hakuibeba peke yake.

Na kuna ule mlango wa nyuma, "mimi natania tu". Mtu anadai jambo, analisisitiza, watu elfu hamsini wanalibeba, akibanwa atoe ushahidi anasema mnamchukulia siriasi wa nini wakati yeye ni mchekeshaji. Ni kama muuza duka anakuuzia chaja, ikifa kesho yake ukiirudisha anakuambia mimi mwenyewe pale dukani nilikuwa nimekaa tu, mwenye duka kasafiri. Hii tabia naichukia kuliko zote na ndo kitu pekee nakubaliana na mzee wa kashata.

Hata wazuri wanateleza. Jon Stewart, mchekeshaji Mmarekani wa The Daily Show, kipindi cha kukejeli habari za siasa, mwaka 2004 alienda kwenye kipindi cha CNN kinaitwa Crossfire akawachana watangazaji uso kwa uso kwamba kelele zao zinaiumiza nchi. Wakamrudishia kwamba mbona na wewe ukihoji wanasiasa unawauliza maswali laini, akawajibu kwa maana hii, kipindi kinachotangulia cha kwangu ni vikaragosi vinavyopiga simu za utani, mnanilinganishaje na nyie. Watu walimshangilia na kipindi kile CNN ilikuja kutangaza kukifuta miezi michache baadae. Mimi pia nilimpenda, ila lile jibu lina harufu ya mlango wa nyuma. Huyo huyo Juni 2019 alikaa mbele ya kamati ya bunge la Marekani kuwatetea waokoaji waliougua baada ya mashambulizi ya Septemba 11, hakutania, alikuja na wagonjwa wenyewe wamekaa nyuma yake, alijua fuko la fidia linaisha vipi, na mwezi uliofuata sheria ikasainiwa. Siku ile hakuna aliyeuliza digrii yake ni ya nini, maana alikuja kama mtu anayejua anachodai na yuko tayari kuulizwa.

Hapo ndo tunafika kwenye hoja ya utaalam. Watu wengi wanaamini mchekeshaji ni mtu aliyefeli shule akaamua kujifanya kichaa, sio kweli hata kidogo. Bassem Youssef wa Misri alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa moyo kabla ya kipindi chake cha kuwakejeli wakubwa, Machi 2013 alipoitwa na mwendesha mashtaka kwa kumdhihaki Rais Morsi akaenda kavaa kofia kubwa ya kumuigiza huyo huyo rais, na utawala ulipobadilika hao waliofuata nao hawakumvumilia, 2014 kipindi kikafungwa. Lakini tusidanganyane kwa upande mwingine, udaktari wa moyo haukufanyi ujue mambo ya katiba. Na huyo Douglas Murray aliyekuwa anadai wataalam, chuo kikuu alisoma fasihi ya Kiingereza, ni mwandishi wa habari na vitabu aliyesafiri sana, hilo lina uzito wake, kufika mahali kunasaidia. Ila mtu anaweza kwenda Kariakoo kila wiki na asijue bei ya jumla ya mchele. Kumuuliza mwenzio "umefika?" ni swali halali kabisa, tatizo ni pale unapolitumia kama jibu, kwamba kwa vile hujafika basi alichosema hakina haja ya kujibiwa.

Sasa hapa kwetu nikupe kitu cha kufikirisha. Katiba ya Tanzania, ibara ya 67, inataka mgombea ubunge awe raia aliyefikisha miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama chake, pamoja na masharti mengine ya kutokuwa na makosa fulani fulani. Digrii haimo. Yaani anayetunga sheria anatakiwa ajue kusoma na kuandika, halafu anayemcheka anayetunga sheria tunamdai shahada ya uzamili?

Kuna mahali mpaka kati ya kelele na madai unakuwa mwembamba kama uzi, na Uganda wanao mfano. Julai 2020 kikundi cha vichekesho cha Bizonto kilikamatwa kwa video ambayo wanawahimiza watu waombee viongozi wao, halafu wanawataja kwa vyeo, na ukisikiliza unaona wengi wanatoka eneo moja la nchi, magharibi. Walituhumiwa kuchochea ubaguzi wa kikanda. Hiyo video ni utani, sala ya kejeli, lakini ndani yake kuna dai linaloweza kupimwa, fulani ana cheo hiki na anatoka hapa. Kama orodha ni ya uongo, jibu lake ni orodha ya kweli, dakika mbili tu unaisoma. Ukipeleka polisi badala ya orodha unawaachia watu kazi ya kukisia kwa nini hukuileta.

Wa nne, wa usukani, sitakaa sana maana huyu ndo rahisi kuliko wote ingawa ndo anayeleta kelele nyingi. Volodymyr Zelensky aliigiza kwenye tamthilia mwalimu wa historia anayejikuta rais, Aprili 2019 akachaguliwa rais wa Ukraine kweli kwa asilimia 73 ya kura. Jimmy Morales wa Guatemala naye alikuwa mchekeshaji wa runinga, alishinda 2015 kwa kujinadi kwamba yeye sio fisadi wala mwizi, halafu akiwa madarakani akaifungia mlango ile tume ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa inachunguza ufisadi nchini kwake. Uganda Kato Lubwama alitoka kwenye maigizo akawa mbunge wa Rubaga Kusini 2016 mpaka 2021. Ukiwapanga hawa hupati kanuni yoyote, kuchekesha hakukuwapa leseni na hakukuwanyima, kila mmoja anapimwa kwa alivyoendesha, kama tunavyompima mwanajeshi, mwalimu au mfanyabiashara anayeingia ikulu. Nyambane wa Redykyulass alitaka urais wa Kenya 2022, tume ya uchaguzi ikampitisha kisha ikamwondoa kwa sababu ya utata wa shahada yake, maana Kenya kwenye urais digrii inatakiwa. Hiyo ndo leseni, ipo kwenye sheria, hakuna haja ya kuibuni nyingine ya kijiweni.

Ila KJ ndo ananifurahisha. Alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini 2017 akarudi tena 2022, na Juni 2024 wakati vijana wa Gen Z wanaandamana kupinga muswada wa fedha akasimama bungeni akasema hao wanaoandamana wana iPhone, wanakuja kwa Uber, na wakitoka hapo wanaenda kula kuku KFC. Mitandao ya Kenya haikulala! Mtu aliyeanza maisha kwa kumfanya rais kichekesho akawa yeye ndo kichekesho, na waliomcheka hakuna aliyewauliza mna sifa gani, na wengine walikuwa hawajazaliwa Redykyulass ilipoanza. Alipopanda kiti cha dereva tu, haki ya kucheka ikahamia kwa abiria.

Nilisema nitarudi kwenye masharti ya utani. Yule mama mtani wa kwenye msiba wa bibi, baada ya kumaliza vituko vyake, alivua ile kanga akaingia jikoni akakaa na moshi mpaka saa tisa kupika ubwabwa wa watu waliotoka mazikoni. Na wale watani wanaume waliojilaza kaburini wakidai hela ndo hao hao waliolichimba toka alfajiri. Mtani ana ruhusa ya kusema lakini ana zamu ya kazi pia, na hatanii halafu akakimbia akiulizwa. Kikao cha mirathi kilipokaa jioni watani hawakuwemo. Mmoja alijaribu kuchungulia akaambiwa na shangazi, "we utani umeisha, huku kuna hesabu, kama una deni unamdai marehemu leta karatasi". Alikuwa nalo kweli, akaleta karatasi, akakaa.

Kwa hiyo kwenye ile klipu mimi nimekataa kuchagua upande. Smith kukaa pale ni halali, alidai mambo mazito, na kila alilodai alitakiwa adaiwe karatasi, moja moja, mpaka mwisho, na yeye asikimbilie uchekeshaji. Murray alikuwa na nafasi ya kumdai karatasi kwa masaa kibao na dakika nyingi kazitumia kuulizia viatu vyake vimekanyaga wapi. Wote wawili wametupotezea bando.

Jana nilimweleza haya yote mzee wa kashata, taratibu, daladala na msiba na kila kitu, alinisikiliza vizuri tu. Nilipofika kwenye ile ibara ya 67, kwamba mbunge anatakiwa ajue kusoma na kuandika, akaweka kikombe chini.

"Kumbe ndo hivyo," akasema. "Basi na wao warudi wakachekeshe."